Siku moja kabla ya intaviu

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka na adhana. Intaviu ni kesho saa mbili u nusu, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zao ziko Moi Avenue, Mombasa. Nilimaliza digrii ya biashara mwaka jana na hii ni mara yangu ya pili kuitwa. Mara ya kwanza niliambiwa nijieleze, nikaisema CV yangu neno kwa neno, mpaka mzee mmoja mezani akanikata: "Hayo nishayasoma." Hawakunipigia tena. Uchungu wake ulinikaa wiki nzima, kwa hiyo hii ya sasa nimeipa siku yake kamili.

Saa kumi na mbili na dakika kumi. Natoka nyumbani Likoni kama vile ndiyo siku yenyewe, na viatu vya kesho miguuni, maana nataka kujua njia inakula muda gani saa hizi hizi. Feri kwa anayekwenda kwa miguu haina nauli, lakini asubuhi ina watu. Ya kwanza inaondoka nikiwa bado nyuma ya geti. Ya pili naingia, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na wanafunzi wa sekondari. Upande wa kisiwani napanda ule mlima na umati, natafuta matatu, nafika mlangoni pa jengo saa moja na dakika ishirini na tano. Saa nzima na robo, na leo hakuna feri iliyoharibika. Kesho nitatoka saa kumi na moja na nusu. Nitangoja nje, si neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nani?"

Namweleza bawabu. Ananionyesha ngazi za kushoto, ghorofa ya tatu, na kuniambia daftari la wageni hutiwa sahihi kwanza. Sasa mlango ule si mgeni kwangu tena.

Saa tatu. Nimetoa kopi za vyeti, transkripti na kitambulisho, mbili mbili. Jirani amenisisitiza nikapige alama za vidole kwa ajili ya cheti cha maadili mema, shilingi 1,050. Sikwenda. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, na sasa mwajiri hafai kukudai vyeti vya kibali kama hicho mpaka awe ameazimia kukupa kazi. Nalisema hili wazi kwa sababu wenzangu wamekopa pesa kulipia makaratasi ambayo hakuna aliyeyaomba. Wakinikubali, nitayatafuta.

Saa nne. Kwa mjomba, Majengo. Alikuwa karani wa wakala wa forodha miaka mingi kabla ya kustaafu. Ananipokea na kahawa chungu mkononi, hata sijakaa vizuri.

"Haya. Mzigo una thamani ya forodha laki nne. Ushuru asilimia 25. Nipe ushuru na VAT."

Naandika: ushuru 100,000. VAT asilimia 16 ya laki nne, 64,000. Ananichukulia kalamu.

"Nani alikwambia VAT ni ya laki nne? Ushuru ushapanda juu ya mzigo. Hesabu laki tano."

80,000. Tofauti 16,000, na mjomba anaukazia macho mstari ule kana kwamba pesa ni zake. "Mteja umemwambia 64, akafika kutozwa 80. Atakuja kwa nani? Na hapo hujaweka ada ya IDF, ile ya kutangaza mzigo unaoingia nchini, wala ya reli. Akitafuta pesa zilizopungua, kontena imelala bandarini, siku za kuwekwa bure zimekwisha, kila siku yahesabiwa." Tunapiga mizigo mingine sita, kila mmoja kwa ushuru wake, mpaka karatasi inajaa pande zote mbili.

Kisha ananiuliza nimefanya kazi gani. Namwambia sina uzoefu, ila atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo, ya miezi mitatu na kumshikia shangazi duka la M-Pesa.

"Ila?" Ameweka kikombe chini. "Washika pesa za watu kila siku, jioni zaingiana, halafu wasema huna uzoefu?"

Najaribu kulieleza duka kwa Kiingereza, nakwama sentensi ya pili. Nafikiri kwa Kiswahili, siku zote. Mjomba ananiambia nilisimulie kwanza kwa lugha yangu, lote, kama namsimulia yeye. Nalisimulia. Nikirudi kwenye Kiingereza, sentensi zinakuja fupi fupi, lakini zinakuja, na ni zangu.

Saa nane mchana. Dukani. Watu wa kuweka, watu wa kutoa, jua kali.

Saa kumi na mbili jioni. Kufunga hesabu. Mtaji wa duka ni 60,000, na floti ya kwenye simu ukijumlisha na taslimu ya droo lazima irudi hapo hapo. Simu inasoma 37,450. Droo, nahesabu mara tatu, 22,050. Pamepungua 500. Moyo unanipiga. Napitia daftari na jumbe za simu, muamala mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu, kidole juu ya kila mstari. Zote sawa. Mwisho namuuliza shangazi.

"Ah! Nilitoa ya samaki adhuhuri. Sikuandika, mwanangu, nisamehe."

Naiandika. Nikiwa bado na kalamu mkononi najua kesho nitawasimulia nini wakiniambia nijieleze.

Saa mbili usiku. Tokeni za umeme zimekwisha, napiga pasi ya makaa. Naifuta tako kwa kitambaa chenye unyevu, naijaribu kwanza kwenye leso kuukuu, kwa sababu chembe moja ya jivu kwenye buibui jeusi huonekana mbali. Mikono kwanza, kisha mapindo.

Saa tatu. Bahasha ya vyeti iko juu ya meza. Shangazi amepita akaweka mia mbili juu yake, nauli ya kesho. Daftari la duka liko wazi kando, na ameziandika.