Kasi ipo, gemu haiunganishi: angalieni anwani ya WAN

Wenzangu mnaocheza mtandaoni na kila mkialikana mnakutana na ujumbe wa "NAT kali" (NAT ni njia ya vifaa vingi kutumia anwani moja ya intaneti; ikiwa kali, wenzako hawawezi kukufikia moja kwa moja), someni hili kabla hamjanunua ruta mpya.

Kwangu kasi ilikuwa safi, video zinafunguka bila kukwama, lakini sauti za wenzangu hazinifikii na nikialika mtu anatupwa nje. Nilizima ruta na kuiwasha, nikachomeka waya badala ya Wi-Fi, nikawasha UPnP (inayoruhusu gemu kujifungulia milango ya ruta). Wapi! Ila waya uacheni hapo hapo, ping (muda wa data kwenda na kurudi) ilitulia kweli.

Jibu lilikuwa kwenye mipangilio ya ruta. Sehemu ya WAN (upande wa ruta unaoelekea kwa mtoa huduma), anwani ilianza na 100.72. Nikafungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP, ikaja nyingine kabisa. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, yaani ile inayoonekana kwenye intaneti. Yaani hata ufungue milango yote ya ruta yako, mbele kuna geti la mtoa huduma, na ufunguo wake huna.

Nikapiga simu kuomba anwani ya umma. Aliyepokea alirudia yale ya zima-washa, nikaomba nihamishiwe kwa fundi wa mtandao. Huyo alielewa papo hapo na akanipa anwani ya umma, Mungu ambariki. Nikawasha ruta upya, NAT ikasoma "wazi", na jana tumecheza sauti za wote zikisikika.

Kama mtoa huduma wako hana anwani za kugawa, muulize kuhusu IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za intaneti. Gemu zinazoitumia hazipiti kwenye geti hilo.