Siku moja maishani mwangu: mtunza kanisa kuu la St Asaph, Wales

Watu wakisikia nafanya kazi kanisa kuu hudhani mimi ni kasisi. Nikisema hapana, hudhani ni mfagizi. Kufagia nafagia, ila kazi yangu ni utunza kanisa: kufungua na kufunga, kupanga kila kitu kabla ya ibada, kuwatangulia makasisi kwenye maandamano, na kujua maji yanapitia wapi mvua ikinyesha.

Mji ni St Asaph, kaskazini-mashariki mwa Wales. Wenyewe kwa lugha yao wanauita Llanelwy, kanisa la kando ya mto Elwy. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2012, lakini wakazi wake ni kama 3,500 tu. Kanisa lenyewe lina urefu wa mita 55 hivi, na ni miongoni mwa makanisa makuu ya kale yaliyo madogo kabisa katika Wales na Uingereza. Mgeni aliyezoea picha za yale makubwa ya London husimama mlangoni akauliza, "Ni hili tu?" Ndilo hili.

Saa 12:30 asubuhi

Funguo, alamu, taa mbili tu, kisha mzunguko. Usiku kucha ilinyesha, kwa hiyo naanza na maji. Paa la kanisa la namna hii hufunikwa kwa bati la madini ya risasi, na risasi hutanuka kwa jua na kunywea kwa baridi. Kipande kikiwa kirefu mno hujikunja, mkunjo huchoka, ufa hutokea. Lakini mara nyingi shida si paa, ni majani. Oktoba majani huziba mdomo wa bomba la kushushia maji, mfereji wa paa unajaa, na maji yakikosa pa kwenda yanarudi nyuma na kuingia ukutani. Hutaona tone. Utaona doa jeusi kwenye chokaa, siku tatu baadaye chumvi nyeupe kama unga, na ukigusa, plasta inabaki mkononi. Kwa hiyo nazunguka na tochi, nakagua pembe zote za ndani kwa kiganja, kisha natoka na ngazi na glavu. Leo bomba moja upande wa kaskazini lilikuwa na kiota kizima cha ndege. Nimejaza ndoo mbili.

Saa 1:30

Sala ya Asubuhi, watu wanne. Nimepanga vitabu, nimewasha mishumaa miwili, nimezima.

Saa 2:15

Nta. Mshumaa unaowaka penye upepo huchuruzika upande mmoja, na katika kanisa la mawe upepo haukosi. Kinga yake ni kikofia cha shaba kinachokaa juu ya mshumaa na kushuka nao, pamoja na utambi uliokatwa ubaki kama milimita sita. Utambi mrefu hutoa moshi, na moshi huo ndio unaokwenda kukaa kwenye dari. Nta iliyodondoka kwenye jiwe iache igande, halafu iinue kwa kipande cha mbao. Usitumie kisu, maana mkwaruzo wa kisu haufutiki. Iliyodondoka kwenye kitambaa cha madhabahu huwekewa karatasi ya kahawia juu na chini, kisha pasi ya moto mdogo, unabadilisha karatasi mpaka isichukue mafuta tena. Moto ukizidi nta huzama ndani ya nyuzi, na kitambaa hicho umekipoteza.

Saa 3:30

Viti vya kwaya. Ni mbao za mwisho wa karne ya 15, zimechongwa, na juu ya kila kiti pana kijipaa chenye ncha kama mnara. Humu Wales hakuna vingine vya aina hii vilivyosalia. Mbao zilizokuwepo kabla yake ziliteketea mwaka 1402, Owain Glyndŵr, kiongozi wa waasi wa Wales, alipolichoma kanisa katika vita vyake na mfalme wa Uingereza. Na huo haukuwa moto wa kwanza: mwaka 1282 askari wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, walikwisha kulichoma. Baada ya Glyndŵr lilikaa gofu miaka mingi, mpaka Askofu Redman alipolisimamisha tena. Baadaye, Uingereza na Wales zilipokaa bila mfalme katika karne ya 17, humu walifugwa wanyama. Mwaka 1714 dhoruba iliangusha sehemu ya juu ya mnara. Nayataja kwa sababu anayefuta vumbi hapa anafuta kitu kilichonusurika, na mkono wake lazima ujue hivyo.

Vumbi hutolewa kwa brashi laini ya manyoya, ukielekeza kwenye mdomo wa kifyonza vumbi. Mdomo huo uufunge kwa kipande cha wavu. Wavu ndio siri ya kazi: kikimeguka kipande cha ua la mbao cha ukubwa wa punje ya mchele, utakikuta kimenasa pale badala ya kukitafuta kwenye mfuko wa takataka. Natia katika bahasha, naandika kiti namba ngapi na upande gani. Polishi ya kupuliza ni marufuku, hunatisha vumbi na kuziba michongo.

Kabla ya adhuhuri nawasha joto. Watu hulalamika baridi, nami nawaelewa, lakini joto la kanisa hupandishwa polepole, nyuzi moja au mbili kwa saa. Ukilikurupusha, mbao zinakauka haraka upande mmoja na kupasuka, na kinanda kinapoteza sauti. Hewa ikipata moto, filimbi za kawaida za kinanda hupanda sauti, ila zile zenye ulimi wa shaba hazipandi nazo. Mpiga kinanda akigusa zote pamoja, utasikia mwenyewe.

Saa 6:00 mchana

Nje, kuokota taka kuzunguka mnara wa watafsiri. Ulisimamishwa mwaka 1892, na una sanamu za watu wanane waliohusika na kuipa Wales Biblia ya lugha yake, kina William Salesbury, Richard Davies na Richard Parry. Mkubwa wao ni William Morgan. Alikuwa kasisi wa parokia ya milimani, Llanrhaeadr-ym-Mochnant, alipotafsiri Biblia nzima, iliyochapwa mwaka 1588. Mwaka 1601 akawa askofu wetu, 1604 akafariki, naye amezikwa humu ndani.

Chakula, dakika ishirini. Aliyeketi nami akanikumbusha kwamba Henry Morton Stanley, yule mpelelezi wa Afrika, naye ni wa hapa. Ni kweli. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841, jina lake John Rowlands, na tangu mwaka 1847 alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Hapa wanamjua kama mtoto yatima aliyepata jina. Mimi nilimjua kwanza kwa upande wa pili, kwa safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji mwaka 1871 na mizigo iliyokuwa vichwani mwa watu. Huwa nawaeleza upande huo pia, taratibu, nao husikiliza.

Saa 8:00

Basi la wageni arobaini liliandikishwa saa nane kamili. Saa nane halikuwepo. Saa tisa halikuwepo. Kuchelewa kwa basi si kukaa bure, kwa sababu huwezi kuanza lolote lisiloweza kuachwa katikati. Ngazi haisimamishwi, sakafu hailoweshwi, na kwaya inaingia mazoezini saa kumi na nusu.

Likafika saa tisa na dakika arobaini. Arobaini wote walitaka choo kwanza.

Kisha bwana mmoja mwenye kamera akaenda moja kwa moja kwenye Biblia ya 1588 ndani ya kioo, akaniita: "Fungua hapa, nataka ukurasa wa Mwanzo." Nikamwambia haifunguliwi kwa picha. Akataka sababu, nikampa. Kitabu cha umri huu huachwa kimelalia mto wenye umbo lake, kwa kuwa mgongo wa gamba ndio unaobeba kurasa zote, na ukiufungua mahali papya pasipoandaliwa unakatika pale pale. Akasema atavaa glavu nyeupe. Nikamweleza kwamba watunza vitabu wa leo huziepuka kwa karatasi: kidole kwenye glavu hakihisi ukurasa, ndipo unachanika. Mikono safi, mikavu, ndiyo bora, na si yangu wala yake. Akasema basi apige na taa ya kamera. Hapana, kiwango kinachopendekezwa kwa vitu kama hivi ni mwanga wa luksi 50, mdogo kuliko wa sebuleni kwako, kwani madhara ya mwanga hujumlika na hayarudi nyuma. Akasema amesafiri saa nne. Nikamwambia pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Akaniuliza kama yupo mkubwa wangu. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wamekwisha panda viti vya kwaya.

Nimewateremsha watoto, nimerudi, bado yupo. Sasa anamweleza mkewe kwamba kitabu kilichapwa hapa hapa mjini. Hilo sikuliacha lipite. Sheria ya wakati ule iliruhusu uchapaji London, Oxford na Cambridge tu. Morgan alikaa London karibu mwaka mzima nyumbani kwa Gabriel Goodman, dekani wa Westminster, akisahihisha kurasa za wachapaji wasiojua neno moja la Kiwelisi.

Miguu ilianza kuwaka moto hapo.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa kundi hilo hilo. Alisogea kiooni, akavaa miwani, akaanza kusoma ukurasa uliokuwa wazi, kwa sauti ndogo, kidole chake kikifuata mstari juu ya kioo. Herufi ni zile za kizamani, nyeusi, zenye pembe, akakwama mara mbili. Lakini alisoma. Lugha ile alijifunza kwa mama yake, na maneno ya mwaka 1588 akayaelewa. Bwana wa kamera akanyamaza akasikiliza.

Hiyo ndiyo kazi ya kanisa hili dogo, na ndiyo sababu siwezi kucheza na bomba lililoziba. Sheria za mwaka 1536 zilifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na ofisi za Wales. Agano Jipya la kwanza la Kiwelisi lilitoka 1567, kazi kubwa ikiwa ya Salesbury, lakini aliandika maneno kwa tahajia ya kuyafananisha na Kilatini, wasomaji wakajikwaa. Morgan aliyaandika yasomeke kwa sauti mbele ya watu, nayo yakasomwa kila Jumapili katika kila parokia. Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili. Edward Steere, askofu wa Kianglikana wa Unguja, alifasiri kwa Kiunguja, akafariki mwaka 1882, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini.

Jioni

Sikumbuki saa ngapi walitoka. Kwaya ilishaanza kupasha sauti. Nimepanga noti, nimeweka alama kwenye masomo mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiwelisi, nimevaa joho, nimeshika fimbo. Fimbo hiyo zamani ilikuwa ya kufungua njia katikati ya watu na mifugo. Mtunza kanisa hutangulia kwa mwendo wa asiyeharakishwa, hata kama magoti yanauma, kwa kuwa kasi yako ndiyo kasi ya wote nyuma. Zaburi, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, sala. Waumini kumi na mmoja. Kwaya iliimba kama wamejaa elfu.

Baadaye ni kuzima. Kila utambi naugusa kwa vidole vilivyolowa, kwa sababu utambi wenye cheche haupigi kelele. Nanusa hewa mara tatu: madhabahuni, kwenye viti vya kwaya, chumba cha mavazi. Nasoma kipimaunyevu karibu na kitabu, kinasema asilimia 56, naandika daftarini chini ya 54 ya jana na 53 ya juzi. Mvua imeanza tena. Kabla ya kuwasha alamu narudi upande wa kaskazini, naweka kiganja ukutani chini ya lile bomba. Pakavu.