Kumbukumbu ya mikoriza, mzunguko wa tatu: hatimaye nimeviona vimti

Nimeviona. Jana usiku niliweka kipande cha mzizi wa mtama chini ya hadubini, nikaanza na lenzi ndogo kama kawaida, na kabla hata sijabadilisha lenzi moyo ulikuwa umeanza kwenda mbio: michirizi ya buluu ilifuata urefu wa mzizi. Nilipokuza mara 400 mambo yakawa wazi. Seli zimepangana kama matofali, na karibu kila tofali lina kimti chake ndani: shina nene, kisha matawi yanayogawanyika na kugawanyika tena hadi ncha zinakuwa ukungu wa buluu ambao lenzi yangu haiwezi kuutenganisha. Arbaskuli, kimti ambacho fangasi wa mikoriza, yule anayeishi kwa ushirika na mizizi, hukijenga ndani ya seli ya mmea. Hapo ndipo fangasi na mmea wanapopeana: fangasi anatoa fosforasi, mmea unatoa sukari na mafuta. Miezi saba nimekuwa nikiitafuta picha hii.

Mzunguko wa kwanza wa jaribio niliulaumu wino, ule ninaotumia kumtia fangasi rangi ili aonekane ndani ya mzizi, na kweli wino ulikuwa na sehemu yake. Mizizi ilitoka kahawia yote, huoni ndani wala nje. Makosa yalikuwa mawili. Kabla ya kuitia rangi, nilichemsha mizizi kwenye potasi kali ya 10%, ili ipauke uweze kuona ndani, kwa dakika 15 tu, muda unaotosha mizizi laini, lakini mizizi ya mtama ya wiki kumi inataka dakika 40, wakati mwingine zaidi. Kosa la pili lilikuwa kutoisuuza kwa siki kabla ya kuitia kwenye wino. Mzizi ukiingia bado una potasi ndani yake, rangi haishiki. Njia yenyewe ni ile iliyochapishwa na Vierheilig na wenzake mwaka 1998, wino 5% ndani ya siki nyeupe, na sitaiacha kwa ajili ya tripani buluu, rangi ya maabara, hata nikipewa bure. Tripani inashukiwa kusababisha saratani, na sioni sababu ya kuiweka kwenye meza ninayoifanyia kazi kila siku. Kuhusu wino: chukua ule wa kalamu za kujazwa. Wino wa printa nilioujaribu uliacha chembechembe juu ya mzizi, nikazifikiria spora, yaani mbegu za fangasi, jioni nzima.

Basi mzunguko wa pili slaidi zikatoka safi kama kioo. Safi na tupu. Mizizi 60, vipande 60, hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko popote. Udongo wa kuambukizia niliutoa chini ya majani ya porini, mahali ambapo hapajalimwa kwa miaka, kwa hiyo nilijua fangasi wamo. Kwa kuhakikisha niliuosha kupitia machekecheke, njia ya Gerdemann na Nicolson ya 1963, na kwenye chekecheke la mwisho spora zilikuwepo: mviringo, rangi ya asali, zinang'aa, na ukiigandamiza moja kwa sindano inatoa vitone vya mafuta. Mbegu hai ipo. Rangi inafanya kazi. Mtama ni mwenyeji mzuri, si kama kabichi na jamaa zake ambao hawapokei kabisa fangasi hawa. Nimeosha vyungu, nimebadilisha maji, nimebadilisha hata mahali pa kuviweka. Bure. Nilinunua na pakiti ya unga wa mikoriza nikijiambia labda spora zangu ni dhaifu, na nayo ikatoa matokeo yaleyale.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote. Mimea ya mzunguko wa pili ilikuwa mizuri mno. Majani mapana, kijani kizito, mashina kama kidole gumba. Niliipiga picha, watu wakaisifu. Na sehemu moja ya tano ya udongo ule ilikuwa mboji na samadi, na juu yake nilikuwa nimeongeza unga wa mifupa, ambao ni fosforasi tupu kwa jinsi hesabu hii inavyohusika.

Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa kupitia mizizi kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kwa sababu tofauti kabisa: ndiyo inayoziamsha mbegu za kiduha, yale magugu yanayonyonya mtama na mahindi. Kwa miaka mingi ilionekana kama mmea unajisaliti bila faida yoyote. Ndipo mwaka 2005 mtafiti Akiyama na wenzake wakaonyesha kwamba kemikali hizohizo zinaufanya uzi wa fangasi wa mikoriza uchanue matawi kuelekea kwenye mzizi. Wito ulikuwa wa fangasi tangu mwanzo, na kiduha amejifunza kuudaka. Sasa, mmea ukishiba fosforasi unapunguza wito huo. Mtama wangu ulishiba tangu wiki ya kwanza. Spora zilikuwa hai, sentimita mbili kutoka kwenye mzizi, na hakuna aliyeziita. Fangasi huyu hana maisha bila mwenyeji. Hata mafuta yake ya msingi hawezi kujitengenezea, anayapokea kutoka kwa mmea. Ndiyo maana huwezi kumkuza peke yake kwenye sahani ya agari ya maabara kama fangasi wengine, mfano trikodema.

Mzunguko wa tatu nikatoa kila kitu. Mchanga tu, ulioshwa hadi maji yakatoka meupe, ukapigwa mvuke kwenye sufuria ya presha mara mbili, siku moja katikati. Udongo wa porini sehemu moja kwa kumi. Chakula: naitrojeni, potasiamu na madini madogomadogo, fosforasi hapana. Vyungu sita vilipata udongo hai, sita vilipata udongo uleule uliochemshwa pamoja na maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo hai. Hilo la maji msiliruke. Spora ni kubwa, zinabaki juu ya karatasi ya kuchujia, lakini bakteria wanapita, kwa hiyo vyungu vyote vinakuwa na bakteria sawa na tofauti inayobaki ni fangasi. Bila hivyo hujui unampongeza nani.

Wiki ya nne ilikuwa ngumu. Mtama wote, pande zote mbili, ukageuka zambarau. Kwanza kingo za majani ya chini, kisha jani zima, rangi ile ya njaa ya fosforasi ambayo mkulima yeyote akiiona anakimbilia mfuko wa mbolea. Mimea ilifika kifundo cha mguu ikasimama. Nilikuwa nimeshapima kijiko cha mbolea ya kupandia, nikakirudisha kwenye mfuko. Siku mbili mfululizo nilifanya hivyo.

Wiki ya sita, katika vyungu vinne kati ya sita vyenye udongo hai, jani jipya lilitoka kijani. Si kijani kizito cha mzunguko wa pili, kijani cha wastani tu, lakini halikuwa na zambarau hata kwenye ukingo. Upande wa pili hakuna kilichobadilika. Jana ikatimia wiki ya nane nikang'oa kimoja kila upande. Nilitandaza mizizi juu ya gridi nikahesabu makutano 100 ya mizizi na mistari: udongo hai, 38 yana fangasi, udongo uliochemshwa, sufuri.

Nusura niandike 4 kwenye ile sufuri. Kulikuwa na nyuzi za buluu kwenye mizizi ya upande uliochemshwa, na ukiwa na hamu unaziona mikoriza. Angalia kuta. Uzi wa mikoriza ukiwa hai karibu hauna kuta za kukatiza ndani, ni bomba moja refu lenye unene usio sawa. Nyuzi zile zilikuwa zimekatwakatwa kwa umbali sawa kama muwa. Ni fangasi wengine waliokuja kula mzizi uliokufa.

Mpango ulikuwa sasa nihamie kwenye nyanya na jaribio la ukame: kunyima maji siku kumi, kuangalia nani ananyauka kwanza. Naliweka pembeni. Kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi: je, ile kijani ya wiki ya sita ni fosforasi iliyoletwa na fangasi kweli, au udongo hai ulikuwa na akiba kidogo tu ambayo uchemshaji uliibadilisha? Nataka kuona fangasi akivuka mahali ambapo mzizi hauwezi.

Kwa hiyo natengeneza chungu cha vyumba viwili. Mtama upande mmoja, fosforasi upande wa pili, katikati kitambaa cha nailoni chenye matundu ya mikroni 30. Mzizi haupiti hapo. Uzi wa fangasi, wenye mikroni 2 hadi 10, unapita bila shida. Kitambaa nimekipata kwa wanaochapa fulana. Wanakiuza kwa hesabu ya nyuzi, si kwa ukubwa wa tundu, kwa hiyo kipime mwenyewe chini ya hadubini. Cha kwanza kilikuwa karibu mikroni 70, nikakirudisha. Na wavu mmoja hautoshi, kwa sababu fosforasi yenyewe inaweza kujipenyeza taratibu na maji. Ninaweka nyavu mbili na pengo la hewa la milimita 3 katikati. Maji hayaruki hewa. Vinyweleo vya mzizi vitachungulia kwenye matundu lakini ni vifupi, haviwezi kulivuka pengo. Fangasi anaweza.

Nyavu nimezibandika asubuhi kwa gundi ya silikoni, ya upande wa kushoto bado inanata. Mbegu za mtama ziko kwenye kitambaa chenye unyevu na mbili zimeshatoa kijizizi. Gundi ikikauka kesho, napanda.