John Doe na yule kijana wa maji

Jumamosi, saa saba usiku

Mvua imekatika na vyura wa mtaroni wameshika zamu yao. Pedi nimeilaza juu ya mto, na kwenye kioo majina ya watengenezaji yanapanda taratibu. Nimemaliza gemu la Batman: The Enemy Within kwa mara ya pili na moyo hautulii, ndiyo maana naandika badala ya kulala.

Hii PS4 niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, na muuzaji akaniongezea diski tatu kwenye mfuko. Mbili za mpira, ya tatu ndiyo hii. Ilikaa karibu mwaka mzima bila kuguswa, kwa sababu nilidhani ni gemu la kurushiana ngumi tu, na kwa sababu sehemu nyingine zilitaka kushushwa kwa intaneti wakati bando langu ni la kuhesabu.

Kumbe ngumi ni kidogo. Kazi kubwa ni kuongea. Waliolitengeneza ni Telltale Games, kampuni ya Marekani iliyopata sifa mwaka 2012 kwa The Walking Dead, na hili walilitoa kwa sehemu 5, kuanzia Agosti 2017 hadi Machi 2018. Mtu anakuuliza jambo, majibu yanatokea chini ya kioo, na mstari unaanza kupungua. Mstari ukiisha hujachagua, umenyamaza, na kunyamaza kwako kunahesabiwa kuwa jibu. Pembeni linatokea neno fupi: fulani atalikumbuka hilo. Miezi michache baada ya sehemu ya mwisho kutoka, Septemba 2018, kampuni hiyo iliachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote. Huwa najiuliza yule aliyeandika maneno ya John yuko wapi leo.

Maana huyo John ndiye aliyenikosesha usingizi.

Joker, adui mkubwa wa Batman, yumo kwenye katuni tangu 1940, kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida la Batman, na karibu kila mara anatufikia akiwa ameshaharibika. Tunamkuta anacheka, tunamkuta anaua, tunamchukia, tunaendelea. Hawa wamemleta kabla. Anaitwa John Doe, katoka Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili, ngozi nyeupe kama chokaa na nywele za kijani. Anamwona Bruce Wayne, yaani Batman akiwa bila kinyago, ambaye ndiye ninayemchezea, kuwa ndiye rafiki wa kwanza aliyewahi kumpata. Anamwomba ushauri namna ya kuzungumza na Harley Quinn. Na Harley wa humu ni kinyume cha yule aliyezoeleka tangu 1992, mfuasi wa Joker: hapa yeye ndiye kiongozi wa genge, John anamfuata nyuma kama mdogo anayeomba aingizwe kwenye mchezo wa wakubwa.

Sehemu ya tano ina matoleo mawili, na utakaloliona linatokana na jinsi ulivyokaa na John huko nyuma. Kwenye toleo moja anakuwa Joker kamili. Kwenye jingine anataka kulinda jiji, anajitengenezea vifaa vya kuiga vya Batman, anajiita mwenzako.

Mara ya kwanza nilimpata Joker. Na najua kwa nini. Tangu anaingia kwenye kioo nilikuwa nimeshamjua. Alipocheka, niliona kicheko cha muuaji. Alipotania, nikachagua jibu baridi. Aliponiomba nimwamini, nikamwambia simwamini, tena nikajiona mwerevu, nikasema moyoni huyu hanidanganyi mimi. Nilikuwa namwadhibu kwa mambo ambayo alikuwa bado hajayatenda. Alipoyatenda mwishoni, nilihisi nimethibitishiwa. Ndivyo nilivyohisi, na nimeliandika hapa kama lilivyo: niliridhika.

Halafu, kumeshapigwana, kumeshaumizwa watu, anamuuliza Bruce kama aliwahi kumwona rafiki. Nilikaa na ule mstari unapungua. Sikuwa na jibu lolote lililokuwa kweli.

Ndipo nikaanza upya. Safari hii nilimwamini kila aliponipa nafasi. Nilipofika kwenye ile nyumba ya vioo, ile ya maonyesho, maajenti wa Amanda Waller, mkuu wa shirika la siri la serikali, wamelala chini wamekufa na John kasimama katikati yao anasema walimshambulia wao kwanza, nikambonyezea kwamba namwamini. Kidole gumba kilikuwa kizito. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hamu tu ya kuona atakuwaje akiaminiwa.

Akawa bora. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu nililiona: akawa bora. Lakini hakuwa salama. Alichukua maneno ya haki na kuyapeleka mbali kuliko mwenye nayo, akamkomoa mtu mpaka ikabidi mimi, Batman, nipigane na mtu niliyemfundisha. Njia zote mbili zinaishia Arkham.

Dada yangu nilimsimulia kwa simu wiki iliyopita, yeye ni mwalimu Morogoro, akanijia na methali mapema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha yeye mwenyewe akaipinga. Akasema, "Lakini huyo si mtoto, kaka. Ni mtu mzima na akili zake. Hao waliouawa mama zao wakija, utawaambia John hakupendwa?" Nilinyamaza kwenye simu. Yuko sahihi, na hata hivyo sijamaliza.

Kwa sababu kuna jambo moja ambalo gemu halikunipa nafasi ya kulibadilisha kwa jibu lolote. Bruce alimsogelea John kwa kazi. Waller na shirika lake walitaka mtu wa kuingia ndani ya genge, na mlango wa kuingilia ulikuwa John. Hata nilipochagua majibu mazuri yote, yalikuwa yamejengwa juu ya hila. Nilikuwa mwema kwa mtu niliyekuwa namtumia. Anayeitwa adui alikuwa ananipenda kwa dhati, na anayeitwa shujaa, ambaye ni mimi, alikuwa kazini.

Hapo ndipo yule kijana wa maji aliponijia, na hajaondoka.

Mtaa wetu, hapa Mwananyamala, bomba likikauka tunategemea mikokoteni. Yeye alikuwa na wake, madumu ya lita 20 yamepangwa kama askari, na sauti yake ungeitambua toka kona ya pili. Miaka miwili aliniletea maji. Alinibebea friji tulipohama kutoka chumba cha nyuma. Nikitaka vocha, namtuma. Nikitaka mkaa, namtuma. Chenji alirudisha mpaka mia mbili ya mwisho. Jioni akimaliza mzunguko alikuwa akisimama mlangoni kuangalia nikicheza mpira, mguu mmoja kizingitini, mwingine nje. Siku moja akasema, "Kaka, siku moja na mimi nishike pedi hata dakika kumi." Nikamwambia siku nyingine. Haikuwa ubaya. Nilikuwa katikati ya mechi. Lakini siku nyingine hiyo sikuipanga, na yeye hakuuliza tena.

Mwaka 2022 jina la Panya Road, vijana wahalifu wanaovamia watu kwa mapanga, likarudi mjini. Anayeishi Dar anajua jina hilo linafanya nini kwa watu. Sisi tuliokuwepo Januari 2015 tunakumbuka jioni ile ya uvumi, maduka yanafungwa moja baada ya jingine, watu wanakimbia bila kujua wanamkimbia nani. Basi 2022 hofu ikawa ile ile, ulinzi shirikishi ukaundwa, na kila kijana asiye na kazi ya mezani akawa anaangaliwa mara mbili.

Usiku mmoja jirani yetu aliibiwa simu na mtungi wa gesi. Ni mjane, anauza maharage na chapati, na ule mtungi ndio uliokuwa mtaji wake. Naliandika hili kwa makusudi, ili nisije nikajisahau katika kumhurumia kijana. Yule mama alilia mbele yetu, na kilio chake kilikuwa cha haki.

Asubuhi wakamleta kijana wa maji kwa mjumbe. Hakukuwa na lolote juu yake, ila kwamba anajua kila ua na kila mlango. Watu wakaanza kuwa wengi. Mmoja akanigeukia: "Wewe huyu anaingia kwako kila siku. Unamwonaje?"

Sikujua kama aliiba. Mpaka leo sijui. Nilichokijua ni kimoja tu, kwamba kwa miaka miwili hajawahi kunipunguzia hata shilingi. Ningeweza kulisema hilo. Maneno matano au sita. Aliniangalia, uso wake haukuomba, ulikuwa unasubiri tu, na mimi nikatazama madumu yake. Mstari ukaisha.

Mjumbe ni mzee wa busara, hakuruhusu mtu apigwe. Akawatawanya. Lakini wiki haikuisha kijana hayupo mtaani, yeye na mkokoteni wake. Mtungi haukupatikana.

Kuna gemu jingine, Undertale, la 2015, la Toby Fox, ambalo ukiwahi kuua kila mtu ndani yake halisahau hata ukianza upya. Utacheza vizuri kabisa mara ya pili, na mwishoni bado litakuonyesha kwamba linakumbuka. Nilipolisoma hilo zamani niliona ni ukatili kwa mchezaji. Sasa naliona ni uaminifu. Batman aliniruhusu kurudi mwanzo na kumjibu John upya, na kwa siku tatu nilijisikia nimelipa deni. Nimelipa kwa nani?

Kuhusu kijana nimesikia habari mbili. Mmoja wa vijana wa kijiweni anasema alikamatwa akiwa ndani ya kundi la wenye mapanga, kwamba mnaona sasa, tulisema. Fundi viatu anaapa alimwona Mbagala anaendesha bajaji, kanenepa, na akamsalimia. Nimejikuta nashikilia ya bajaji. Nikijichunguza, sababu yangu si kumtakia mema peke yake. Ya bajaji inanipunguzia mimi. Na ile ya mapanga, watu wanaishikilia kwa sababu hiyo hiyo: inawapunguzia wao. Kila mmoja wetu amemchagulia toleo lake, na yeye mwenyewe yuko mahali fulani saa hizi, amelala au yuko macho, bila sisi kuwepo.

Nimefungua simu kutafuta namba yake. Nimeikuta. Imeandikwa Dogo Maji.

Nimekaa na hilo muda mrefu kuliko mwisho wowote wa gemu. John Doe, kwa Wamarekani, ni jina analopewa mtu ambaye jina lake halijulikani, hata maiti iliyookotwa. Mwanzo wa hadithi nzima ni mtu ambaye hakuna aliyejua anaitwa nani, mpaka dunia ikampa la kumtisha nalo. Nami miaka miwili ya maji, friji, mkaa na chenji kamili, sikuwahi kumuuliza.

Jumapili, mchana

Nimeamka nikaenda kwa yule mama wa maharage. Nilimwamkia, nikanunua chapati mbili nisizozihitaji, nikasubiri wateja wapungue. Nikamuuliza kama anakumbuka jina la yule kijana aliyekuwa akileta maji, jina lake hasa.

Alinitazama kidogo, kijiko kikiwa hewani. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Namkumbuka. Alikuwa akinisaidia kubeba sufuria alfajiri." Akanitajia jina, la kwake na la baba yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile kwa mjumbe yeye hakumtaja, ni watu waliomtaja, na yeye alikuwa analilia mtungi wake akashindwa kusema kitu. Kwa hiyo tulikuwa wawili tulionyamaza, kila mmoja kwa sababu yake.

Jina sitaliandika hapa, ni lake. Nimelibadilisha kwenye simu nikiwa bado nimesimama pale jikoni kwake, herufi moja moja, naye akanisahihishia la baba.

Nimempigia. Imeita mpaka ikakata. Saa hizi atakuwa na abiria. Nitajaribu tena jioni.