Nesi kampigia mama simu yuko sokoni

Mama ana presha na sukari, mwaka wa 9 huu. Kliniki mbili, madaftari mawili, kila daktari anaandika lake. Siku moja nikakuta anameza dawa moja mara mbili: pakiti tofauti, majina tofauti, dawa ile ile ya presha. Kumbe ndicho kilichokuwa kinampa kizunguzungu akiinuka kitandani!

Tukahamia zahanati ya jirani hapa Kigoma. Nesi akamwaga vidonge vyote mezani, akaita daktari, wakaandika orodha moja. Akampa rufaa ya macho (sukari huyala kimyakimya) na akadai majibu yarudi kwake.

Juzi mama kasahau siku yake ya kliniki, anachagua zake dagaa Ujiji, simu ikaita. "Mama, tulikutegemea Jumatatu, kulikoni?" Kumbe wana rejista ya wagonjwa wote wa presha na sukari, kila wiki wanaangalia nani hajarudi. Usipopokea, mhudumu wa afya wa mtaa anakuja kupiga hodi.

Mama akanuna: "Nafuatwafuatwa kama mtoto wa chekechea." Leo kaniuliza mbona nesi wiki hii hajapiga 😂