Magamba ya kamba na dagaa wa shangazi

Nipo likizo Kigoma. Jana nimeshinda mwalo wa Kibirizi tukigeuza dagaa chanjani, shangazi akauliza kwa mara ya tatu: "Hivi mwanangu, chuoni unasomea nini hasa?"

Nikamwambia, shangazi, si una kile kimashine cha kupimia sukari? Ukidondosha damu kwenye kijiti, sukari inakutana na kimeng'enya, elektroni zinahama, mashine inasoma umeme. Natafuta kijiti cha namna hiyo, ila cha estradioli, ile homoni ya kike.

Utamu uko kwenye utando wake. Unaitwa kaitosani, unatokana na magamba ya kamba na kaa. Unaondoa chokaa kwa asidi, protini kwa soda kali, kisha soda kali zaidi na moto. Ukishaiyeyusha kwenye asidi ile ya siki, unaweka tone juu ya elektrodi ya kaboni, yaani kile kipande kinachopitisha umeme, linakauka kama gundi.

Wa kwanza wangu ulibanduka nilipouzamisha tu kwenye maji. Nilikaa chini, sikusema na mtu. Na hata ukishika, kazi bado: estradioli kwenye damu hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja uigawe mara trilioni, halafu vitamini C nayo inatoa elektroni zake na kuchafua kipimo.

Shangazi kasikiliza yote.

"Kumbe magamba ni mali, na sisi tunatupa! Haya, geuza upande ule, mvua hiyo inakuja."