Ndege Aliyegonga Kioo

Asubuhi ya siku ya nane baada ya kumzika mama yangu, nilikuwa peke yangu chumbani mwake nikikunja nguo zake, ndipo ndege mdogo alipogonga kioo cha dirisha, akarudi nyuma, akagonga tena. Sikuinuka. Niliganda na gauni mkononi nikimtazama anavyopigapiga mabawa, anavyotua ukingoni na kuinamisha kichwa upande mmoja kana kwamba ananichungulia, kisha anavyoruka tena kukikabili kioo. Alirudi kesho yake saa ile ile, na kesho kutwa, na kufikia siku ya tano nilikuwa naamka kabla ya alfajiri ili asinikose. Sikumwambia mtu yeyote, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua ni nani aliyemtuma.

Tangu nilipoanza kulieleza jambo hili kwa watu ninaowaamini, nimesimuliwa visa vingi vya namna hiyo, na karibu vyote vimesimuliwa kwa sauti ya chini, kwa tahadhari ya mtu asiyetaka kuchekwa. Yuko aliyeniambia kuhusu njiwa aliyetua juu ya paa saa ile ile mtoto alipozaliwa. Yuko aliyekuwa njia panda ya maisha yake, akainua macho na kumwona mwewe akizunguka pale juu bila kupiga bawa, na hofu ikamtoka. Wafiwa wengi Marekani husema kuwa kadinali, yule ndege mwekundu, akionekana karibu na nyumba, basi marehemu amekuja kujulia hali. Kadinali hahami wakati wa baridi kama wafanyavyo ndege wengine, hivyo miti inapokuwa mitupu na theluji imefunika ardhi, ule wekundu wa dume hubaki kuwa kitu pekee chenye rangi mbele ya macho ya mtu aliyejiinamia kwa majonzi. Nikilifikiria hilo, sioni ajabu kwamba watu wamemchagua yeye.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali, maana lugha yenyewe imekwisha kusema. Neno ndege kwetu ni kiumbe mwenye mabawa, na pia ni ishara ya jambo litakalokuja, liwe la heri au la shari. Tunaposema "ndege njema" hatusemi "ndege mwema": sarufi yenyewe inageuka, kiumbe anatoweka, inabaki habari aliyoileta. Waroma wa kale nao walikuwa na maofisa waliokabidhiwa kazi ya kuwatazama ndege kabla ya dola kuanza jambo kubwa, na neno lao la shughuli hiyo, auspicium, limeundwa kwa kuunganisha ndege na kutazama. Katika Kiarabu, tiyara, yaani imani ya nuksi, imetoka katika shina moja na neno la ndege, kwa kuwa kabla ya Uislamu mtu aliyekusudia safari aliweza kumkurupusha ndege ili aone anaelekea upande gani: akiruka kulia msafiri anaondoka, akiruka kushoto anarudi ndani. Mtume Muhammad aliikataza tiyara, lakini katika hadithi hiyo hiyo alisema kwamba fali humpendeza, na alipoulizwa fali ni nini akajibu kuwa ni neno zuri. Hadithi hiyo nimeirudia mara nyingi tangu mama aondoke. Naona ndani yake tofauti ambayo wengi wetu tunaihisi bila kuitaja, kati ya ishara inayomfunga mtu miguu na ile inayompa moyo wa kuendelea.

Ipo pia tofauti ya pili, nayo kwangu ina uzito zaidi: ndege aliyekuja mwenyewe si sawa na ndege aliyelazimishwa kujibu. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba mwaka 249 kabla ya Kristo, kabla ya vita vya baharini vya Drepana huko Sicily, jemadari Mroma Publius Claudius Pulcher aliletewa habari kwamba kuku watakatifu waliochukuliwa melini wamekataa kula, jambo lililohesabiwa kuwa ndege mbaya. Aliamuru watupwe baharini, akisema kama hawataki kula basi na wanywe, kisha akashindwa vibaya vitani. Kisa hiki kimesimuliwa karne nyingi kama onyo kwa wanaodharau ishara. Mimi ninapokisoma nawafikiria wale kuku, waliofungiwa tunduni juu ya maji yanayoyumba, wakitakiwa waamue vita ambavyo havikuwahusu.

Rafiki yangu aliyejifunza habari za ndege ndiye aliyenieleza yaliyokuwa yakitokea dirishani. Aliniuliza saa, akaniuliza mwanga unatoka upande gani, akaniuliza kama ndege huyo huinua manyoya ya kichwani kabla ya kuruka. Kisha akaniambia kwa upole kwamba ndege huyo hakunijia mimi. Wakati wa kuzaliana, dume hulinda eneo lake kwa nguvu zote, na akiiona sura yake ndani ya kioo hudhani ni dume mwingine aliyekuja kumnyang'anya makao, naye hupigana na mvamizi huyo asiyechoka wala kukimbia, siku baada ya siku, mpaka homoni za msimu zitulie. Nilimshukuru, nikaenda chooni, nikajifungia na kulia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Sasa naweza kuandika kwamba rafiki yangu hakuninyang'anya chochote, ila haikuwa rahisi kulifikia jambo hilo. Nilijiuliza kwanza kwa nini ndege, na si paka aliyepita uani au nyuki aliyeingia ndani. Wamisri wa kale walichora sehemu ya nafsi waliyoiita ba kama ndege mwenye kichwa cha mtu, atokaye kaburini mchana na kurudi kwenye mwili wake usiku. Wakristo husoma kwamba Roho alishuka kama njiwa pale Yesu alipobatizwa, na Waislamu hupokea hadithi kwamba roho za mashahidi zimo ndani ya ndege wa kijani peponi. Watu hawa wametengwa na bahari na karne, lakini walipotafuta umbo la kitu kinachouacha mwili bila kutoweka, macho yao yaliinuka kuelekea upande mmoja. Aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mtu anayekata roho anajua sababu. Pumzi huenda, ukaisikia ikienda, kisha chumba kikabaki na dirisha.

Hata hivyo maana haikai ndani ya unyoya, na kunguru ni shahidi mzuri. Wako wanaomfukuza kwa mawe wakimwita mletaji mikosi. Lakini ndiye Nuhu aliyemtoa safinani kwanza, kabla ya njiwa aliyerudi na jani la mzeituni. Ndiye aliyemletea Eliya mkate na nyama kwenye kijito cha Kerithi. Na katika Qur'ani ndiye aliyetumwa kufukua ardhi ili mwana wa Adamu aliyemuua ndugu yake ajifunze namna ya kuusitiri mwili. Mtu wa kwanza kuzika alifundishwa na kunguru! Hilo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, lakini sikulielewa mpaka nilipokuwa nimesimama kando ya kaburi lililo wazi.

Bundi amepata mzigo mzito kuliko wote. Waathene walimchora kwenye sarafu zao za fedha kama ndege wa Athena, mungu wa hekima, ilhali mahali pengi duniani mlio wake juu ya nyumba huhesabiwa kuwa tangazo la kifo. Kingo za mbele za mabawa yake zina vinyoya vilivyochanika kama kitana, vinavyoukata upepo vipande vidogo hata asisikike, kwa hiyo hutokea ghafla, mweupe gizani, na uso bapa unaofanana na wa binadamu. Isitoshe, watu wanaomsikia usiku wa manane ni wale walioamka, na anayekesha mara nyingi anamuuguza mtu. Usiku ule bundi alipolia na mgonjwa akafariki hukumbukwa na ukoo mzima kwa vizazi viwili. Usiku mia moja alipolia akawakamata panya na watu wakaamka salama hazina wa kuzisimulia. Ninawaheshimu wanaoogopa, kwa kuwa hofu yao imetoka kwenye msiba wa kweli. Lakini bundi hupigwa mawe na kuuawa kwa sababu ya hofu hiyo, na kuna watu huwaua ili watumie viungo vyao kwenye uganga, na hapo ndipo ninapokataa kunyamaza. Habari mbaya haikuandikwa naye. Yeye alikuja kutafuta chakula cha makinda wake.

Hayo ndiyo yaliyonirudisha dirishani kwa macho mengine. Kwa wiki mbili nilikuwa nimepokea faraja kutoka kwa ndege huyu bila kuuliza inamgharimu nini. Nilipomtazama kwa karibu niliona alama za mate na vumbi alizoacha kiooni, na kinyoya kimoja cha kijivu kilichonata kwenye pembe ya fremu, kidogo kama ukucha wa mtoto. Alikuwa akihema mdomo wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Marekani peke yake kati ya ndege milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga vioo vya majengo. Huyu wangu hakuwa anagonga kwa mwendo wa kufa, lakini alikuwa akitumia asubuhi nzima, pamoja na nguvu alizozihitaji kwa kiota, kupigana na mtu asiyekuwepo.

Kwanza nilivuta pazia la ndani, nikafanya mambo yawe mabaya zaidi, kwani giza nyuma ya kioo hukigeuza kuwa kioo cha kujitazamia. Rafiki yangu akanieleza kwamba kinachotakiwa ni kukifunika kwa nje. Nilikaa na shuka mapajani usiku ule muda mrefu. Nilijua kwamba nikilitundika hatakuja tena, na sehemu yangu iliyokuwa bado mtoto ilikuwa ikinisihi nisubiri hata siku moja. Nikamkumbuka mama jinsi alivyokuwa akiinuka katikati ya maongezi yaliyonoga ili amfungulie mlango nondo aliyenaswa ndani. Maongezi yangesubiri, alisema.

Alfajiri nilitoka nje na nyundo na misumari minne, nikaliwamba shuka juu ya dirisha lote. Nikarudi chumbani na kukaa kwenye kiti chake. Ndege alikuja saa yake. Nilikiona kivuli chake kikitua ukingoni, nyuma ya kitambaa kilichoangazwa na jua, kikageuza kichwa upande huu na upande ule, kikatulia. Halikufuata pigo lolote. Baada ya muda kivuli kikaondoka, na kutoka kwenye mti ulio karibu na ukuta nikamsikia akiimba, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, wimbo mfupi unaopanda na kukatika, kisha unaanza tena.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nguo za kukunja zilikuwa zimebaki mbili.